Neno la Herufi Tatu

Petrozavodsk, Januari. Dirisha limeota manyoya ya barafu.
Rimma Arkadyevna, fundi wa kuchomelea aliyestaafu,
afungua daftari la hesabu. Kushoto kaandika: get.
Kulia wino hauishi.

Kupokea barua, kwa Kirusi kuna kitenzi chake.
Kufika nyumbani, chake.
Kuugua, kulowa, kuzeeka, kuamka,
kila kimoja na koti lake, na vifungo vyake.
Waingereza wana koti moja tu,
huazimana mlangoni.

"Wavivu," anaguna, akichonga penseli kwa kisu cha viazi.
Ukurasa wa nne. Chai imepoa.

Jumapili mjukuu akapiga simu kutoka Toronto;
Kirusi chake kimebaki cha kuombea pipi.
Bibi akajikaza. Kwa sentensi tatu za Kiingereza, mbovu,
akamwambia kuwa babu Lyova hamwoti tena usiku,
na hilo ndilo linalomliza.

Kimya.
Kisha kijana akalisema lile neno,
na "wewe" nyuma yake.

Simu ilipokatika akarudi daftarini:
nimekupokea? nimekukamata? nimekufikia?
Kidole kikashuka mstari kwa mstari,
hakikusimama.
Akazima taa bila kuchagua.