Kifuniko cha Birika

Tulifika Jumanne saa kumi, mimi na gari.
Bado nasema "tulifika". Ulimi hauna breki.
Niliweka jiwe nyuma ya tairi, nikaisawazisha nyumba
kwa vipande viwili vya mbao na bakuli la maji mezani:
maji yakikaa sawa, nami nitalala sawa.
Ndivyo Verlon alivyonifundisha.

Hapa hakuna bomba, hakuna waya, hakuna choo,
wala mtu wa kukata tiketi.
Kuna ubao mmoja wenye matundu ya risasi
unaosema: MASHUA ZISHUSHWE HAPA.
Mteremko wa saruji unashuka, unashuka,
kisha unakatika juu ya vumbi
kama mtu aliyesahau alichotaka kusema.
Maji yako kule, mwendo wa sigara mbili,
yamejikunyata, rangi ya sufuria kuukuu.

Galoni thelathini tangini. Nazigawa kama posho:
mbili za kunywa na kupikia, nusu ya uso na kwapa,
na yaliyoosha sahani ndiyo yanayosukuma choo changu kidogo.
Mjini maji ni sauti tu ndani ya ukuta.
Hapa yana uzito.
Naisikia kila galoni ikiniaga.

Jirani yangu, mita mia mbili, ni Eusebio,
fundi mstaafu wa reli, na mbwa wake mwenye jicho moja.
Jana alinijia na galoni tano begani
na pilipili za kuchoma ndani ya gazeti.
"Bibi Marlys, uliuona ule mstari?"
Akanyosha kidole kwenye majabali:
ukanda mweupe wa chumvi, umenyooka kama pindo la shuka,
juu ya paa langu, juu ya antena, juu kabisa.
"Maji yalifika pale. Mwaka aliozaliwa binti yangu."
Akacheka. "Unapika maharage chini ya ziwa."

Nilijua. Nilikuwa pale juu.
Agosti, mashua ya kukodi, miguu yetu majini,
Verlon akimimina kahawa kwa madaha,
kifuniko cha birika kikamponyoka
kikaenda zake, kikimeta, kikiyumba kama jani,
tukakitazama hadi ukijani ukakimeza.
Miaka thelathini na minane tumefunika birika kwa kisahani.
Maduka yapo. Vifuniko vipo.
Hakuna aliyenunua.

Leo asubuhi, kabla jua halijawa shoka,
nilitoka na fimbo kuuzunguka mvungu wa ziwa.
Mtaka chake huinama; nikainama.
Tope limepasuka vigae, linalia krach chini ya buti.
Nimeona nanga yenye kamba iliyokatwa kwa kisu
(nani alikuwa na haraka hivyo?),
kiatu kimoja cha mtoto, kimejaa kome,
kopo la bia ya kampuni iliyokwisha kufa,
na meno bandia, safu ya juu, yakicheka peke yake.
Kila aliyepita juu yetu kaacha chake.
Kifuniko, hapana.

Labda kiko mbele, ndani ya maji yaliyosalia,
na mwakani, theluji ikikosa tena milimani,
ziwa litanirudishia.
Sitaki.
Nilijikuta nikiliambia hivyo, kwa sauti,
mwanamke wa miaka sabini na moja na fimbo yake:
kaa nacho. Jaa. Nifukuze hapa.

Usiku nimezima taa kuihurumia betri.
Dirisha la paa liko wazi, baridi inaingia bila hodi.
Kati ya nyota nimeweka tumbo la mashua
likipita polepole,
na nyayo nne zikining'inia,
mbili zimebabuka kwa jua, maana hakusikia
nilipomwambia ajipake mafuta.
Birika linachemka. Kisahani kinagonga meno.
Mbwa wa Eusebio anabweka mara moja, anaghairi.
Nagonga tangi kwa kidole, nasikiliza:
zimebaki kumi na tisa.