Safu ya Hali

Daftari la zahanati ya mabaharia, hapa Mbaraki,
lina safu tano, na ya mwisho ni Hali.
Humo huandika neno moja, herufi tatu: hai.
Miaka kumi na mmoja sikulitazama mara mbili.

Kisha usiku ule kamba ya winchi ikakatika,
na gati zima likaja kwangu, na damu yake, na lugha zake.

Mhandisi wa Kijapani, mkono umevunjika.
Unaumwa? Hai.
Nikate shati? Hai.
Wanisikia lakini? Hai, na kichwa akakiinamisha.
Nikamwambia Dokta Nyiro: huyu ajitangazia uhai kila pumzi.
Dokta akasema, kwao hiyo ni ndiyo. Kata shati.

Mpishi Mchina hakuumia. Alilia tu,
kidole dirishani, kule kulikokuwa na giza na maji:
hai, hai,
sauti ikishuka kisha ikipanda, kama mtu aliyekosa ngazi.
Nilidhani aniambia wote wazima.
Kumbe aitaja bahari.
Ilikuwa imemchukua mtu.

Kapteni wa Kijerumani, mlangoni, akasikia, akapauka.
Kwao hai ni papa,
yule wa meno, si wa Roma.

Na nyuma ya pazia Kirpal, fundi wa jenereta,
alikuwa kwenye simu na mkewe, Kipunjabi kitupu,
kila sentensi akiifunga kwa hai,
kama afungaye mlango: ni, yupo, ipo,
taa ipo, dizeli ipo, usingojee chakula.

Aliyepotea ni Mwinyihaji, karani wa tali,
ninayemdai mia mbili za viazi karai.
Safu yake niliiacha tupu.
Sijawahi kuona weupe mwingi hivyo kwenye karatasi.

Saa kumi alfajiri, askari wa maji, upande wa Likoni:
Tumempata.
Nikauliza: Hai?
Neno likanitoka zito, limewabeba wote,
bahari, na meno, na ndiyo, na yupo,
nisijue ni lipi litakalojibiwa.

Laini ikakwaruza.
Mtu akakohoa. Akakohoa tena, maji,
kisha akaitukania winchi mama yake.

Nikaandika. Mkono ulinitetemeka, herufi ya h
hadi leo yafanana na kiti kilichovunjika.

Wiki ya tatu akaja mwenyewe, na magongo,
akalipa mia na hamsini.