Bawabu wa Omu Elfu Sitini na Nane

Valvu niliinunua Daraja Kavu, hapa Tbilisi,
kwa mama aliyeuza pia medali na darubini.
Aliifuta kwa shali, akaipuliza,
akasema ilitoka kwenye redio ya hospitali.
Sikumuuliza ilisikia nini huko.

Usiku, jikoni, ghorofa ya saba.
Lifti imekufa tangu Jumatatu
(na fundi lifti wa mtaa huu ni mimi, msinicheke).
Sinia ya kuokea ya Manana nimeitoboa matundu manne.
Bado hajajua.

Mwanzo wa ngoma ni lele,
na mwanzo wa amplifaya ni hapa, mlangoni,
ambapo gitaa la mpwa wangu Vazha
litaingia likiwa dogo, sehemu ya kumi ya volti,
mnong'ono wa mtu mwenye deni.
Kosea hapa, na kosa litalelewa.
Hatua za mbele hazijui kusamehe,
zinajua kukuza tu.

Basi nikashusha megaomu moja hadi ardhini,
gridi isining'inie hewani
kama mtu aliyeambiwa subiri
asiambiwe hadi lini.
Chini ya kathodi, omu elfu moja na mia tano:
valvu ikae kitako, isilale, isirukeruke.
Kile kirezista cha mwisho, cha kutangulia gridi,
nilikitazama, nikakirudisha kikoponi.
Cha nini? Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Nikawasha. Uzi ukaiva taratibu.
Waya wa gitaa ulilala mezani, mtupu,
na spika ikasema, kwa sauti ya mwanamke:
*Kumi na nne, uko wapi?*

Tsiala. Ghorofa ya sita, chini ya miguu yangu,
anapangia teksi usiku, antena barazani.
Miaka mitano hatusalimiani,
tangu bomba langu lilie kwenye dari lake.

*Kumi na nne. Zaza. Nijibu,
hata kama hutaki kwenda.*

Madereva sikuwasikia, wako mbali.
Nilisikia nusu ya mazungumzo,
nusu ya kungoja.
Pasi ya kulehemu ilipoa mkononi, chai ikapoa.
Akaita mara tisa. Nilizihesabu.
Kisha: *Haya. Haya, mwanangu.
Endesha polepole, daraja lina barafu.*

Hapo ndipo nilipokitoa kikoponi,
omu elfu sitini na nane, mwili mdogo kama punje ya mchele,
nikamlehemu bawabu mguuni pa valvu penyewe,
waya mfupi kadiri ya kucha,
maana bawabu akisimama mbali na mlango
wezi huingia nyuma yake.

Kimya. Kimya safi, cha kazi.

Vazha alikuja Jumamosi, akapiga,
akasema haina hata mvumo, mjomba.
Nikasema ndiyo.
Lifti nayo nilikuwa nimeshaitengeneza.
Katika kuijaribu ilisimama ghorofa ya sita,
mlango ukafunguka,
na kitufe, naapa, sikumbuki nani alikibonyeza.