Wana wa Apondi

Ijumaa, saa tatu usiku, Milimani,
ghorofa ya pili, juu ya duka la dawa.
Wakulima elfu moja mia nne na sita
wa Kibos, Miwani, hadi Chemelil
wamelala bila ujumbe wa malipo ya miwa,
na seva yangu ina neno moja tu,
inalirudia kama mtoto aliyekariri:
Hakuna mbinu kama hiyo.

Ipo. Naiona.
Nimeifungua faili, nimeweka kidole kwenye skrini,
mstari wa themanini na mbili.
Kwenye kompyuta yangu inaitika kabla sijamaliza kuita.
Kwenye seva, hakuna.

Chelagat wa uhasibu amepiga simu mara nne.
Mara ya tano ameandika:
Nereah Ogolla ameuliza tena.
Nereah ana ekari moja na robo,
na binti wa kidato cha tatu
aliyerudishwa nyumbani Jumatano.

Java hutia maktaba zake mitungini;
ndivyo tunavyoziita hapa kazini, mitungi,
na kila mtungi una toleo lake shingoni.
Nikautandaza mti wa mategemeo, tawi kwa tawi.
Ile maktaba ya stakabadhi niliyoialika mwezi jana
kumbe ilikuja na mgeni wake,
toleo la mbili nukta tatu,
nami nataka la mbili nukta kumi na tano.
Nikaiandikia: wewe karibu, huyo wako abaki nje.
Nikajenga upya. Dakika saba.
Radi ikapiga upande wa Nandi,
taa zikapepesa, zikatulia.
Hakuna mbinu kama hiyo.

Nilikunywa chai iliyopoa tangu magharibi.
Kisha nikauliza nilichopaswa kuuliza mwanzo:
si *ipo?*
bali *umeitoa wapi?*
Na seva, ikiulizwa vizuri, haifichi.
Ikanitajia njia nzima, mkwaju kwa mkwaju,
hadi kwenye folda ya pamoja
ambayo hakuna aliyeifungua tangu Mideva aondoke.

Kwa shangazi yangu Apondi, kule Ahero,
kuna Opiyo na kuna Odongo.
Opiyo aliwahi kuzaliwa kwa dakika kumi,
na hadi leo, ukisimama langoni ukaita
"Mwana wa Apondi!"
ni Opiyo anayetoka, anafuta mikono,
hata kama anayejua kuziba pancha ni Odongo.

Basi ndivyo.
Jina moja, na aliyetangulia njiani akaitika,
toleo kongwe, lisiloijua kazi niliyolituma,
likanijibu kwa ukweli wake wote.
Saa sita nzima nimeiita seva mwongo.

Nikataka kulifuta. Kidole kilishafika.
Kando yake palikuwa na kifaili cha maandishi, mkono wa Mideva:
*Usiguse. Mizani ya Chemelil inategemea hii.
Nilijaribu mpya, ikapima sifuri kutwa.
Samahani, wewe utakayenirithi.*

Kutwa.
Matrekta foleni hadi barabarani,
miwa inakauka juani, inapungua uzito,
na sifuri, sifuri, sifuri.
Nikauondoa mkono.

Fahali wawili hawakai zizi moja, sawa,
lakini hakuna aliyesema zizi lisitiwe ukuta.
Nikamchukua Odongo wangu,
nikambadilisha jina la ukoo,
kila darasa, kila mwito unaomtafuta,
nikamfungia ndani ya mtungi wangu mwenyewe,
ili nikiita asitoke mwingine.
Opiyo nikamwacha na mizani yake.

Saa tisa na dakika kumi ujumbe wa kwanza ukatoka.
Sikungoja wote elfu moja mia nne na sita.
Nilitafuta mmoja, Ogolla N.,
nikaona neno *umelipwa*, nikavaa viatu.

Kabla ya kuzima, nikarudi kwenye kifaili kile,
chini ya samahani ya Mideva nikaongeza:
*Wako wawili.
Usiwaite kwa jina la mama yao.*