Kabla ya Theluji

Chaki ni ya Virve, mwandiko ni wake:
ISIGUSWE KABLA YA THELUJI.
Bia ya shayiri na matawi ya mreteni,
chupa arobaini na moja chini ya jiko,
kando ya viazi, gizani, zikijifunza kunyamaza.

Maana bia changa ina maneno mengi.
Ya mwaka jana tuliifunga ingali ikichacha;
usiku wa manane, pa! pa! pa!
Virve akashika shoka akidhani wezi.
Viazi vilinuka ulevi hadi Pasaka.

Basi mwaka huu tunangoja.
Subira huvuta heri,
nami usiku wa jana nilishuka kuvuta kizibo.
Kimoja tu.
Pekupeku, tochi mdomoni,
nikahesabu kwanza kama karani wa mali ya watu:
thelathini na nane.

Nikahesabu tena.
Nikanusa: mreteni, unyevu,
na, kwa mbali, sabuni ya Virve.

Nikaacha thelathini na saba.

Leo mezani ametazama dirishani kitambo.
“Saaremaa siku hizi,” akasema,
“theluji inachelewa mno.”
Nikamwongezea supu.