Mafuta ya Kiraka

Fundi Virdi hakuamini kitu cha dukani.
Mafuta ya gari, alisema, yakikutana na baruti nyeusi
huzaa lami,
na kasiba ya gobori ikishaota lami
mdeki hukwama katikati kama neno la aibu.

Kwa hiyo Jumatatu, alfajiri, alinituma Burma:
"Syombua, shahamu ya kondoo. Ya figo. Mwambie Galgalo
asiitie chumvi hata kwa utani."
Nta ililetwa na mjomba wangu kutoka Mwingi,
imefungwa gazetini, miguu ya nyuki bado imo.
Tuliichuja kwa soksi.

Karakana ilikuwa Ngara, nyuma ya duka la vipuri,
mlango mmoja, leseni tatu ukutani,
na gobori moja tu, la kukodishwa kwa watu wa filamu,
refu kuliko mimi,
lililoruhusiwa kunguruma mara mbili kwa mwaka
mbele ya askari mwenye daftari.
Kwa ajili ya hizo mara mbili
tulipika mwaka mzima.

Sikuandika vipimo. Kalamu huteleza
kwenye vidole vyenye shahamu. Nilivitungia ubeti:

     Nta moja ya mzinga, shahamu tatu pimia,
     Chumvi kamwe usitie, kasiba itaumia,
     Julai punguza nta, baridi itakazia,
     Februari iongeze, isije ikavujia.

Vina vya kati vilinishinda.
"Haidhuru," alisema, "bunduki haisomi."

Kitambaa nacho kilikuwa na mtihani wake.
Gikomba, kwenye marundo ya mashati,
aling'oa uzi pindoni akauwasha kwa kiberiti,
wenye mali wakipiga kelele.
Uzi ukijikunja ukawa shanga ngumu, nyeusi,
alilirudisha shati bila neno.
Ukiacha jivu jepesi, alilisugua vidoleni mpaka likapotea,
"Pamba," akasema, akalipa bila kupatana bei.

Majirani hawakujua lolote kuhusu gobori.
Walijua kopo: la rangi ya viatu, limejaa kitu cha manjano
kinachonukia mzinga na sikukuu.
Mama Kaguri alipaka visigino vilivyopasuka.
Kinyozi aliomba ya mashine. Mjukuu wa Mama Kaguri
aliponya midomo ya Julai, akalamba, akarudi kuomba tena.

Siku ya kulipua tulikwenda machimboni Njiru.
Nilishindilia mwenyewe: baruti, kiraka, risasi ya duara,
mdeki ukashuka taratibu, bila ugomvi.
Mlio. Moshi mweupe, mzito, wa mayai viza.
Askari akatazama debe: limetoboka.
Watu wa filamu wakatazama kamera.
Fundi Virdi peke yake aliinama majanini,
akatambaa, kilemba kikichukua vumbi,
akitafuta kile kiraka.

Alikipata hatua kumi na tano. Akakinyoosha kiganjani
kama barua:
pembeni pameungua kidogo, rangi ya chai,
katikati pazima,
hakuna tundu, hakuna uzi uliokatika.
"Debe hudanganya," aliniambia. "Upepo, bahati, jicho.
Hiki kimepita motoni. Kidanganye kwa faida gani?"

Alifariki Julai, mwezi wa nta kidogo.
Moto wake uliwashwa Kariokor
na mimi nilisimama nyuma, pamoja na Galgalo,
aliyekuja na koti la buchani.
Kesho yake mwanawe aliniita tukusanye.
Rasharasha ilikuwa imeanza. Wenzangu walikuwa na maneno yao,
mimi sikuwa na hata ubeti.
Nikainama pembeni, palipokuwa laini,
nikachukua kidogo, kati ya gumba na kidole cha shahada,
nikasugua.

Hapakuwa na shanga.