Bana Inayotoka

Karakana yetu ya Kizota ina bati linalolia mchana kutwa
na kompresa ya fundi pancha, tuliyoiazima kwa siku mbili,
leo ni ya tano.
Geji inasoma sita. Sechelela anabonyeza.
Pwaa!
Mkono wa roboti unashuka kama mlango uliobamizwa na upepo wa Agosti,
na zabibu ya Hombolo, ya tisa tangu asubuhi,
inakuwa mchuzi mezani.

"Punguza hewa," nikasema.
*Pu* ilinikwama, ikagonga midomo,
ikatoka mara nne.
Hakuna aliyegeuka. Wamenizoea.

Tukabana njia ya kuingilia.
Mkono ukasita, ukajikusanya, ukaruka;
ukasita tena, ukaruka.
"Umekuiga," Masinga akasema, bila ubaya,
na mimi ndiye niliyecheka kwanza.

Fundi Ndahani alikuja kudai kompresa yake.
Zamani alitengeneza milango ya mabasi ya mikoani.
Alisimama, mikono mieusi kwa grisi, akatazama mruko mmoja tu.
"Mnaikaba koo. Iacheni inywe.
Bana inayotoka."

Akafungua vali, akaigeuza, mshale ukaangalia kwingine.
Hewa ikaingia bila kubisha hodi,
na ile ya upande wa pili ikaachiwa tundu la sindano.
Pistoni ikaenda mbele
ikiegemea pumzi ambayo haijapata pa kwenda.
Robo mzunguko: polepole.
Robo nyingine: ikasinzia kabisa.
Akairudisha kwa ncha za vidole.
Zabibu ikashikwa, ikabaki zabibu.
Akabeba kompresa yake, akaondoka.

Usiku, Nkuhungu, nikiwa chini ya chandarua,
nilivuta hewa yote bila kuipima,
kisha nikaitoa kwa tundu dogo,
nikiliambia giza: waheshimiwa majaji.
Kaka yangu akanirushia kandambili.

Siku yenyewe, tairi la kushoto lilichomoka
tukawa wa saba kati ya tisa.
Lakini nilisimama mbele ya meza ile ndefu
nikaeleza silinda, vali, mshale na sababu yake.
*Pistoni* ilinikwama.
Mara mbili.
Nikasubiri, nikaegemea, ikapita.

Jaji wa miwani akaomba kuiona zabibu.
Tukatazamana.
Sechelela alikuwa ameshaimeza.
"Chachu," akasema.